Mwana wa Mvuvi na Shahada ya Bahari

Wahenga walisema elimu ni bahari, nasi tumezoea kuitaja kauli hiyo kana kwamba bahari ni fumbo tu. Mbegani si fumbo. Ni ghuba iliyo kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na magofu ya Kaole, yenye mikoko na ngalawa, na ufukweni mwake pana chuo kinachofundisha uvuvi. Elimu na bahari pale zinakaa ua mmoja. Swali langu ni hili: kwa nini mtoto aliyezaliwa kando ya ua huo huona kwamba shahada ya juu ya bahari yake ni mali ya watu wengine?

Mwambao haukuanza safari hii ukiwa nyuma. Kabla ya mkoloni, watu wa miji hii walisoma chuoni na kuandika barua, hesabu na tenzi kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo, wakawafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma na kufanya kazi za mikono. Katika miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilianzisha skuli zake za mwanzo katika miji ya pwani: Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam. Walakini skuli hizo zilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na maakida. Mtoto wa pwani alipewa ngazi mapema kuliko wenziwe, ila ilikuwa ngazi ya vidato viwili vitatu, na juu yake hapakuwa na dari la kufikia.

Alipokuja Mwingereza, ngazi ilirefushwa, lakini ilisimikwa kwengine. Skuli ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya 1920, awali kwa ajili ya watoto wa machifu. Skuli za misheni zikaenea bara zikisaidiwa kwa ruzuku ya serikali, na wazazi wengi Waislamu wa mwambao walichelea kupeleka watoto wao mahali ambapo darasa na ubatizo vilikuwa chini ya paa moja. Khofu hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa na sababu. Lakini gharama yake ililipwa na wajukuu. Tumtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia ukarani wa forodha. Leo watu hupata shahada za uzamivu kwa kuzichambua kazi zake, ilhali yeye mwenyewe hakuketi katika ukumbi wa chuo kikuu hata siku moja. Tunajivunia kipaji chake, na ni haki yetu. Ila tusikitumie kipaji hicho kuwa udhuru wa mlango uliofungwa.

Husemwa penye nia pana njia. Historia inanifunza kuigeuza methali hiyo: mara nyingi nia huzaliwa baada ya mtu kuoneshwa njia. Julius Nyerere alitoka kwa Wazanaki, kabila dogo la upande wa Mara. Alisoma Tabora, kisha Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akarudi Tabora kufundisha katika skuli ya Mtakatifu Maria. Angeweza kubaki hapo na kuhesabiwa kuwa amefika. Padri Richard Walsh, mkuu wa skuli hiyo, ndiye aliyemhimiza aendelee na kumsaidia kutafuta nafasi. Mwaka 1949 Nyerere akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na 1952 akatoka na shahada yake. Akili ilikuwa yake mwenyewe. Lakini palikuwa na mtu mzima aliyeiona, akamwambia: hapa si mwisho.

Funzo la pili latoka katika sera. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe kuingia chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote, na kwa sura lilikuwa la haki. Muda si mrefu ikadhihiri kwamba wasichana wanapungua chuoni, kwani katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa na kuanza kulea. Mwaka 1976 wakaondolewa sharti hilo, wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Serikali ilikiri kwamba mizani iliyo sawa haipimi sawasawa ikiwa waliopandishwa hawakusimama mahali pamoja.

Sasa turejee Mbegani. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Norwei, pale palijengwa kituo kikubwa cha uvuvi chenye madarasa na karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kikaunganishwa na chuo cha Nyegezi, Mwanza, chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Hutolewa pale astashahada na stashahada. Ng'ambo ya mkondo, hapa Unguja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwaka 1978 Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambako watu husomea uzamili na uzamivu. Basi ngazi yote ipo, kutoka ufukwe mmoja hadi mwengine. Kinachokosekana ni mtu wa kuionesha.

Nilipofika huko kijana mmoja alinisindikiza pwani. Babake ni mvuvi, naye anasoma stashahada. Alinitajia majina ya samaki, pepo na miamba kwa ustadi ulionifanya nione haya kujiita mtarjumani. Nikamuuliza ataendelea wapi. Akacheka. "Mzee wangu, kwetu nikimaliza hii nimemaliza." Mimi sikupita chuo kikuu, niliokota lugha vitabuni peke yangu, na najua miaka mingapi hupotea kwa kukosa mtu wa kukwambia kitabu kipi kinafuata. Cheko lile halikunifurahisha.

Wala jambo hili si la fahari tu. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo, na Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa Mbegani. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaupinga hadharani, akitaja masharti ya kukodishwa ardhi kwa miaka 99. Tangu 2021 bandari hiyo imekuwa ikizungumzwa upya. Nani atausoma mkataba kwa jicho la sheria? Nani atapima mikoko itakayokatwa na mazalio ya samaki yatakayofukiwa? Kazi hizo zataka mawakili, wahandisi na wanasayansi wenye shahada za juu. Bila wao, mtoto wa Mbegani ataalikwa bandarini kubeba mizigo.

Kila mwalimu wa Mbegani amwite mwanafunzi mmoja na kumuonesha fomu ya chuo kikuu kabla hajajiambia kwamba amemaliza. Na wasomi wa bahari walioko Unguja wavuke mkondo, wakakae na vijana wale siku moja tu. Kijana yule aliyecheka anaijua bahari tayari. Bado hajaambiwa kwamba hapa si mwisho.