Safari Moja, Nauli Mbalimbali

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa basi hulipa nauli, na mwenziwe atokaye Mombasa kwenda Nairobi aghalabu hulipa kiasi kile kile. Kwa desturi hiyo twaona ni haki bei ya safari ifuate urefu wa njia. Lakini atazamaye nauli za ndege kati ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini atakuta mambo yaliyo kinyume. Watu wawili huketi bega kwa bega katika daraja la biashara, ndani ya ndege moja itokayo London kwenda New York. Mmoja alianza safari yake London. Wa pili alianza Oslo, akafika London na kubadili ndege. Huyu wa pili amesafiri njia ndefu zaidi na amebebwa na ndege mbili, walakini mara nyingi nauli yake huwa ndogo kuliko ya jirani yake. Jambo hili si kosa la karani wala si muujiza. Lina historia yake, na historia hiyo yatuonyesha jinsi bei ya kitu inavyozaliwa.

Mwezi wa Novemba mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa haijaisha, wajumbe wa nchi 52 walikutana Chicago kutafuta kanuni za usafiri wa anga. Marekani ilikuwa na ndege nyingi na viwanda vizima, ikataka mashirika yaachwe yashindane. Uingereza, iliyochoshwa na vita, iliogopa kumezwa, ikataka safari na nauli zitolewe kwa kipimo. Hawakupatana juu ya nauli. Mwezi wa Aprili mwaka 1945 mashirika ya ndege yalikutana Havana yakaunda chama chao, kijulikanacho kwa ufupi kama IATA. Mwezi wa Februari mwaka 1946 Uingereza na Marekani zilifanya mapatano katika kisiwa cha Bermuda: mashirika yatapanga nauli katika mikutano ya IATA, na serikali zote mbili zitazikubali au kuzikataa. Tangu siku hiyo nauli ya kuvuka Atlantiki haikuwa bei ya sokoni, bali bei ya barazani.

Baraza hilo lilikuwa kali. Mwaka 1952 liliruhusu daraja la watalii, na mwaka 1958 daraja jingine la bei nafuu zaidi, lakini kwa masharti. Katika daraja hilo jipya chakula kilitakiwa kiwe baridi, chepesi na cha bei ndogo. Mwaka huo huo pakazuka ugomvi ambao leo watuchekesha: baadhi ya mashirika ya Ulaya yalishtakiwa mbele ya IATA kwa kuwapa abiria sandwichi zilizojaa mno. Tusicheke tukasahau maana yake. Mashirika yaliyokatazwa kushindana kwa bei yalitafuta kushindana kwa mkate, na hata mkate nao ukawekewa mpaka.

Hata hivyo, ukuta huo ulikuwa na ufa. Shirika la Loftleidir la Iceland halikuwa mwanachama wa IATA. Ndege zake zilikuwa za mapanga, zenda polepole, na zilitua Iceland katikati ya safari. Lakini nauli zake zilikuwa ndogo. Nchi zenye mashirika makubwa hazikupenda kumfungulia mlango mshindani wa namna hiyo. Luxembourg, nchi ndogo isiyokuwa na shirika lake la kuvuka Atlantiki, haikuwa na cha kulinda. Ikalikaribisha tangu mwaka 1955. Vijana wengi wa Marekani waliokwenda kuitazama Ulaya walishukia Luxembourg, si kwa kuwa ndiko walikotaka kwenda, bali kwa kuwa ndiko nauli ilikokuwa nyepesi. Hapo twaona waziwazi, kwa mara ya kwanza, kwamba nchi ya kuondokea au kufikia yaweza kuamua bei kuliko maili zinazosafiriwa.

Sababu ya pili ilikuja kwa njia ya fedha. Maadamu sarafu kubwa za dunia zilifungamana na dola, na dola ikafungamana na dhahabu, ilikuwa rahisi kuandika nauli moja kwa pande zote mbili za bahari. Mwezi wa Agosti mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani alikata kifungo cha dola na dhahabu, na kufikia mwaka 1973 sarafu hizo zilikuwa zapanda na kushuka kila siku. Nauli iliyopangwa kwa pauni na nauli iliyopangwa kwa dola zikaachana kama mashua mbili zilizokatika kamba. Tangu hapo mtu aliyenunua tikiti upande huu hakuwa na hakika ya kulipa sawa na aliyenunua upande ule.

Kisha akaja Freddie Laker, Mwingereza aliyepigania kwa miaka mingi ruhusa ya kuuza nauli rahisi. Tarehe 26 Septemba 1977 ndege yake ya kwanza ya Skytrain iliondoka London kwenda New York kwa nauli ya pauni 59. Mashirika makubwa yalilazimika kushusha nauli zao. Shirika la Laker lilianguka mwezi wa Februari mwaka 1982, lakini alama yake haikufutika. Maana palitokea malalamiko mapya: mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili alijikuta ameketi karibu na mtalii aliyelipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ili kumtuliza, mashirika yalimtenga mahali pake, mbele ya watalii na nyuma ya daraja la kwanza. Hivyo ndivyo daraja la biashara lilivyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu kuzaliwa kwake lilikusudiwa mtu ambaye hana budi kusafiri, na ambaye mara nyingi nauli yake hulipwa na kampuni yake.

Mtu wa namna hiyo hupatikana kwa wingi katika miji yenye mabenki na ofisi kubwa, na hakuna mji wa Ulaya uliokuwa nao kuliko London. Lakini mlango wa London ulikuwa mwembamba. Kwa mapatano mapya ya Bermuda ya mwaka 1977, ni mashirika machache tu yaliyoruhusiwa kuruka kutoka kiwanja cha Heathrow kwenda Marekani. Tangu mwaka 1991 yalikuwa manne, mawili ya kila nchi. Uholanzi ilishika njia nyingine, ikafanya na Marekani mwaka 1992 mapatano ya kufungua anga. Kizuizi cha Heathrow kiliondolewa mwezi wa Machi mwaka 2008, mapatano ya Umoja wa Ulaya na Marekani yalipoanza kutumika. Hata hivyo nafasi za kutua Heathrow zilibaki chache na za thamani kubwa.

Sasa twaweza kumrudia msafiri wetu wa Oslo. Mtu wa London ataka kuondoka asubuhi na kufika upesi bila kubadili ndege, na shirika lenye nafasi nyingi Heathrow lajua kwamba ataka hivyo. Mtu wa Oslo hana sababu ya kuipenda London. Aweza kupitia Amsterdam, Frankfurt, Paris au Reykjavik, na kila mahali kuna shirika limwitalo. Shirika la London likitaka kumpata, halina budi kumlipa fidia ya usumbufu wake kwa kumpunguzia nauli. Kwa hiyo mashirika hayauzi maili. Huuza safari kutoka mji fulani kwa watu wa mji ule, yakipima uwezo wao na hiari waliyo nayo. Ndiyo sababu baadhi ya Waingereza huanza kwa kwenda Dublin au mji mwingine, wakaanzia huko tikiti ya Marekani, ingawa tikiti hiyo yawarudisha London kubadili ndege. Mashirika nayo yameweka kinga: asiyetumia sehemu ya kwanza ya tikiti yake hufutiwa sehemu zilizosalia.

Juu ya hayo yote huja mkono wa serikali. Mwezi wa Novemba mwaka 1994 Uingereza ilianza kutoza kodi kila abiria anayeondoka nchini kwa ndege, na kodi hiyo imepandishwa mara nyingi. Mwaka 2024 msafiri wa kwenda Marekani katika daraja la biashara alitozwa pauni 194. Yule atokaye nchi nyingine na kupita London kwa muda usiozidi saa 24 hatozwi. Uholanzi ilianzisha kodi ya namna hiyo mwezi wa Julai mwaka 2008. Wasafiri wengi wakavuka mpaka na kuondokea Ujerumani, na baada ya mwaka mmoja kodi ikafutwa, ingawa ilirudi kwa kiwango kingine mwaka 2021. Huko Belfast, ambako Dublin ni safari ya saa mbili tu kwa gari, hofu ya kuipoteza ndege ya kwenda Marekani iliifanya serikali kupunguza kodi hiyo mwaka 2011, na kuiondoa kabisa kwa safari ndefu za moja kwa moja mwaka 2013.

Je, mambo haya ni ya haki? Wenye mashirika husema kwamba nauli kubwa ya mfanyabiashara ndiyo iwezeshayo ndege kuruka kila siku, na mtalii maskini hufaidika nayo. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Lakini si kila aketiye katika daraja la biashara ametumwa na benki. Mwenye duka dogo la London, ajilipiaye mwenyewe, hupimwa kwa kipimo cha jirani zake matajiri. Anatozwa zaidi kwa kuwa amezaliwa karibu na mlango ambao funguo zake zimo mikononi mwa wachache.

Kijana asomaye habari hizi huenda asivuke Atlantiki maisha yake yote, lakini bei atakutana nazo kila siku. Nauli ya basi hupanda mwezi wa Desemba ingawa barabara haikurefuka. Basi na ajizoeze kuuliza maswali manne ambayo historia ya nauli za angani yatupa: Nani ameruhusiwa kuuza hapa? Bei yapimwa kwa fedha gani? Serikali yachukua kiasi gani? Na mnunuzi, akikataa bei hii, ana mahali pengine pa kwenda? Swali la nne ndilo zito kuliko yote, maana asiye na njia ya pili hulipa bei apewayo.