Boriti za Kilwa na Mzigo wa Miaka

Nilipopita Mitole, wilayani Kilwa, mzee mmoja alinionyesha mwamba wa paa la nyumba yake ya miti na udongo. Haukuwa umevunjika, ulikuwa umenepa. "Tulipoezeka ulinyooka kama uzi, mwalimu," alisema. Mzigo haukuongezeka. Kilichoongezeka ni miaka.

Mti ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, ambayo ni polima ya asili. Ukibebeshwa mzigo usioondoka, huendelea kunepa kidogo kidogo, hasa unyevu unapopanda na kushuka kama ilivyo pwani. Ndiyo maana wahandisi huhesabu kuwa mbao itakayobeba mzigo kwa miaka 10 inaweza kutegemewa kwa takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyoonyesha katika jaribio la dakika chache.

Ukizuru magofu ya Kilwa Kisiwani utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3. Wanahistoria huueleza upana huo kwa urefu wa boriti za mikoko. Ni kweli, ila nadhani maelezo hayo hayajakamilika. Juu ya boriti palilazwa matumbawe na chokaa, dari zito lisiloshuka usiku wala mchana. Boriti ileile, ukiongeza maradufu upana inaouvuka, hunepa mara 16 zaidi. Fundi wa Kilwa hakuandika hesabu hiyo, lakini bila shaka aliwahi kuona dari za waliomtangulia. (Mawe nayo yana yake: upanuzi wa Msikiti Mkuu wa karne ya 14, wenye kuba, uliporomoka ukajengwa upya karne iliyofuata.)

Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kuenea hadi Kikwetu, karibu na Lindi, uliangushwa sokoni na nyuzi za plastiki. Leo adui amekuwa mshirika: nyuzi za mkonge huchanganywa na plastiki kutengeneza mabamba. Nayafurahia. Lakini plastiki hulegea kwa joto, na mkonge hunywa unyevu. Vyote viwili hunepa. Karatasi za mauzo nilizopata kuziona hutaja nguvu ya kuvunjika peke yake.

Afisa manunuzi atakayeletewa bamba la namna hiyo kwa ajili ya dari la darasa la Lindi aulize lilibebeshwa mzigo kwa muda gani, na katika joto lipi. Mzee wa Mitole amekwisha kukata nguzo ya kuegemeza mwamba wake; ataisimika kabla ya mvua.