Mama Jukwaani

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hata katika michezo.

Hank Gathers alilelewa na mama yake katika nyumba za umma kaskazini mwa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1985 sekondari yake ya Dobbins ilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa shule za umma za jiji hilo. Baadaye, akiwa Loyola Marymount, chuo kikuu cha Kikatoliki huko Los Angeles, aliongoza wachezaji wa daraja la juu la vyuo nchini humo kwa pointi na ribaundi katika msimu wa 1988/89. Mama gani asingejivunia?

Desemba 1989 alianguka uwanjani. Waganga walikuta mapigo ya moyo yana kasoro, wakampa dawa; akarejea mchezoni. Tarehe 4 Machi 1990 alianguka tena, mama yake akiwa jukwaani. Alifariki siku ile ile, akiwa na miaka 23.

Hank alitumia mkono wa kulia, lakini mitupo huru ilimshinda, akajaribu wa kushoto. Katika mashindano ya taifa yaliyofuata, Bo Kimble, mwenzake tangu Dobbins, alitupa kwa mkono wa kushoto mtupo huru wake wa kwanza wa kila mchezo. Yote iliingia.