Fonti bango: herufi iliyozaliwa Offenbach ikaitwa ya Kiafrika

Mwambie fundi wa stesheneri kwamba hupendi maandishi ya kadi yako ya harusi, naye atakuuliza: unataka fonti gani? Neno fonti limeshaingia madukani bila kungoja baraza lolote. Kinachopungua ni majina ya aina zake, na aina inayosumbua zaidi kuipatia jina ni ile inayotengenezwa mahsusi ili isomwe ikiwa kubwa: kwenye kichwa cha gazeti, jalada la kitabu, bango la filamu, ubao wa duka.

Kwa Kiingereza aina hiyo hupewa neno lilelile ambalo mafundi simu wetu hulitamka displei, wakimaanisha kioo. Ukifuata kamusi utaangukia “fonti ya maonyesho”, na msomaji atataka kujua yanafanyika Sabasaba au Nanenane, na kiingilio ni shilingi ngapi. “Herufi kubwa” nayo imeshashikwa: tangu darasa la kwanza tunajua kuwa ni ile ya kuanzia sentensi. “Fonti ya kichwa” inakaribia, ila inayaacha nje mabango na majalada. Mimi natumia fonti bango, na mwenzake namwita fonti matini. Nomino mbili kukaa pamoja namna hiyo si ugeni kwetu. Afisa elimu na askari kanzu wameshazoeleka.

Kazi ya fonti matini ni kusahaulika. Anayesoma kitabu cha kurasa 300 anataka kuiona habari, si herufi, kwa hiyo mistari ya herufi hupewa unene wa wastani na kati yake huachwa nafasi ya kutosha ili zisigandane zikichapwa ndogo. Fonti bango ina maneno matatu manne tu ya kusema, tena kwa mtu anayepita njia. Yenyewe inaruhusiwa kunenepa kupita kiasi, kukonda kama uzi, au kubanana bega kwa bega. Ipangie aya nzima kwa pointi 10 uone ukurasa unavyokuwa giza.

Mfano ninaoupenda ni Neuland, iliyotolewa mwaka 1923 na kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor, mjini Offenbach, Ujerumani. Aliyeitengeneza ni Rudolf Koch, mtu aliyejifunza ufundi wa kuchonga madini akiwa kijana huko Hanau kabla hajapata jina katika maandishi. Neuland ni herufi kubwa tupu, ndogo hazimo. Mistari yake ni minene, kingo hazikunyooka sawasawa, na uwazi wa ndani ya herufi umebanwa hadi neno zima linaonekana kama gogo lililochanjwa kwa shoka.

Sura hiyo imetokana na namna ilivyotengenezwa. Kwa njia ya zamani mchongaji alichonga umbo la herufi kwenye ncha ya kijiti cha chuma, likiwa limegeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo. Kijiti kiligongwa kwenye kipande cha shaba, kikaacha shimo lenye umbo lile, na shimo hilo ndilo lililokuwa kalibu ya kusubia risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Mara nyingi mchongaji hakuwa mbunifu. Mbunifu alichora kwenye karatasi, akamkabidhi mwenzake wa kiwandani, na huyo akafanya aliloweza. Koch aliiruka karatasi. Alichonga mwenyewe, bila michoro ya kufuata, saizi baada ya saizi, kwa kukadiria kwa jicho. Kwa sababu hiyo herufi ileile hubadilika kidogo kutoka saizi hadi saizi, hapa upana, pale pembe.

Na hapa neno fonti lenyewe linapata maana yake ya awali. Asili yake ni Kifaransa, katika ukoo wa kitenzi cha kuyeyusha na kusubu madini. Kwa wachapaji wa enzi ya risasi, fonti ilikuwa seti moja ya herufi za sura moja na za saizi moja. Pointi 12 ilikuwa fonti yake na pointi 24 fonti nyingine. Kompyuta imeifuta tofauti hiyo, kwa sababu mchoro mmoja hukuzwa au kupunguzwa utakavyo. Anayepakua Neuland leo kwa kawaida anapata mchoro mmoja uliolazimishwa kuwa saizi zote, na zile tofauti ndogondogo za mkono wa Koch, ambazo kwangu ndizo utamu wenyewe, hazimo.

Chimbuko la Neuland ni Ujerumani tupu. Nchi ile ilikuwa bado inachapa vitabu vingi kwa herufi nzito za Kigothi, ambazo Koch aliandika na kubuni maisha yake yote, na wasanii wake walikuwa wamerudia kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwa wino mweusi. Jina Neuland maana yake ni nchi mpya. Hata hivyo, herufi hii ilipovuka bahari ilipewa kabila lingine. Majalada ya vitabu kuhusu Afrika yaliyotolewa Marekani na Ulaya, vibao vya safari, mabango ya mbuga za wanyama: kote ikawa ndiyo sauti ya “Kiafrika”. Mwaka 2004 mbunifu wa Marekani Rob Giampietro aliandika makala akiuliza ilifikaje huko. Jibu langu ni fupi na halipendezi. Alama ya mkono iliyobaki kwenye herufi ilisomwa kama alama ya ushamba, na ushamba una bara lake katika fikra za wengi. Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park iliandikwa jina kwa herufi za ukoo huohuo. Afrika na dainosari, bango moja.

Lithos haikupona pia. Carol Twombly aliichora kwa ajili ya kampuni ya Adobe mwaka 1989 akitazama maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa kwenye mawe, na hata jina lake ni neno la Kigiriki la jiwe. Nayo imeishia kwenye majalada yaleyale ya simba na mbuyu. Mchezo huu haukuanza jana: mwaka 1816 huko London, William Caslon wa nne alionyesha herufi za chapa zisizo na vijistari vya miguuni akaziita za Misri, wakati Ulaya ilikuwa bado na homa ya Misri tangu Napoleon alipoivamia mwaka 1798.

Wakati huohuo, anayetafuta chimbuko la kweli la fonti bango ya pwani yetu hana haja ya kwenda mbali. Kuna majina ya majahazi, kuna maandishi ya vioo vya daladala, na juu ya vyote kuna jina la kanga. Lilianza kwa herufi za Kiarabu, baadaye likahamia za Kirumi, kwa kawaida herufi kubwa, nene, ndani ya kisanduku chake. Ugumu wake wa kifundi unanivutia: kisanduku kina mpaka, maneno hayana. Usemi mfupi hutanuliwa ujaze nafasi, mrefu hubanwa hadi herufi zinasimama wima kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Fonti ya kawaida haiwezi kazi hiyo bila kuharibika unene wa mistari. Lakini tangu 2016 kuna muundo wa faili unaoruhusu fonti moja kubeba upana wote, kuanzia ule uliobanwa hadi ule uliotanuliwa, na mchoraji ndiye anayeamua unene ubadilikeje katikati. Aina hiyo naiita fonti nyumbufu, na kanga ingekuwa kazi yake ya kwanza nzuri.