Njia za Baisikeli Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mtu atokaye Temeke alfajiri kwa baisikeli, akaifuata Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, kisha akapinda kuelekea Chamazi, Mbande, Msongola na Chanika, na kila apatapo nafasi akaiacha lami na kushika vijia vya mchanga, ataona mambo mawili kabla jua halijapanda. La kwanza ni kwamba mji haukomi mahali pamoja. Nyumba za matofali zimechanganyika na mihogo, mikorosho na miembe, hata asijue kama yumo mjini au shambani. La pili ni kwamba wapanda baisikeli wengi anaokutana nao wanakuja mjini, nao wamechukua mizigo. Yeye peke yake ndiye aendaye kinyume, tena mikono mitupu.

Huko Ulaya na Marekani kupanda baisikeli katika njia za changarawe, baina ya mashamba, mizabibu na misitu, ni mchezo wenye mashindano yake. Mchezo huo umefika kwetu pia, na wanaoupenda hutoka Kinondoni na Temeke siku za mapumziko kwenda kutafuta vilima. Mizabibu hawataiona upande huu. Atakaye mizabibu na aende Dodoma. Uzaramoni kinywaji chatoka juu ya mnazi, na mgema ndiye ajuaye msimu wake. Lakini mashamba yapo, misitu ingalipo kidogo, na njia zipo. Ni nani aliyezitengeneza?

Historia ya Dar es Salaam iliyozoeleka ni historia ya bandari na reli. Husimuliwa kwamba Sayyid Majid bin Said alianza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akafa mwaka 1870 kabla haujastawi. Barabara haina nafasi kubwa katika masimulizi hayo, na kijia hakina kabisa. Hata hivyo, mwaka 1877 Waingereza wawili matajiri, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, walianza kugharimia barabara ya magari ya ng'ombe iliyokusudiwa kutoka Dar es Salaam mpaka Ziwa Nyasa. Miti ilikatwa, ikalimwa njia pana kupita Uzaramo, nayo ikafika takribani maili 70. Mwaka 1881 kazi iliachwa. Ng'ombe waliotazamiwa kuvuta magari hawakuweza kuishi penye mbung'o, na barabara isiyopitwa na magurudumu ilirudi kuwa mwitu. Wenyeji wakaendelea na vijia vyao, vyenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake kichwani.

Jambo hili si dogo kwa hadithi yetu. Mackinnon alishindwa kwa sababu alitaka njia imfuate mnyama na gari. Baisikeli ilipofika pwani, baada ya Dunlop kuvumbua mpira wa upepo mwaka 1888 na bei kushuka, haikudai njia mpya. Gurudumu lake lilitosha katika kile kile kijia cha wapagazi. Nayo, ukiipenda kuiita hivyo, ilikuwa ndiyo mnyama wa mizigo asiyeumwa na mbung'o, asiyekula, na awezaye kubebwa begani penye mto. Hapana shaka iligharimu fedha nyingi kwa mkulima. Lakini aliyekuwa nayo aliweza kuondoka Kisarawe kabla ya mapambazuko na kuuza muhogo wake Kariakoo asubuhi hiyo hiyo.

Wadachi nao waliweka nguvu zao katika reli. Walianza kuijenga mwaka 1905, wakaipitisha katika vilima vya Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilitazama bara. Ilibeba mazao ya mbali, ikampita mkulima wa Uzaramo mlangoni pake. Kwa hiyo, kitu kilichomwunganisha yeye na mji kwa miaka mingi kilikuwa mguu, na baadaye gurudumu.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliukuta mji una watu wapatao 128,000. Magomeni na Temeke zilikuwa mitaa mipya iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika, mbali na kazi za bandarini na maofisini, na asubuhi njia zake zilijaa baisikeli za Kiingereza, fremu nyeusi na taa mbele. Serikali ya kikoloni haikuichukulia baisikeli kuwa kitu cha mchezo: mwenye nayo mjini alipaswa kulipia leseni. Katika zama hizo hizo Pugu ilikuwa na wanafunzi wa St. Francis, na mwalimu mmoja wao alikuwa Julius Nyerere, aliyeichagua siasa akaacha kazi mwaka 1955, baada ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wazee husimulia jinsi alivyokuwa akishuka mjini kwa miguu kuhudhuria mikutano na kurudi Pugu. Apandaye kilima kile leo kwa baisikeli nyepesi yenye gia nyingi, akahema, na afikirie umbali huo wa yapata kilomita 20.

Vilima vyenyewe si virefu. Havizidi sana mita 300 juu ya bahari. Lakini ndimo unamochimbuka mto Msimbazi, ushukao mpaka Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliwekwa chini ya hifadhi katika miaka ya 1950, na sasa imeunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia. Ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, na ndani yake yumo komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania.

Hapa hapana budi niseme neno lisilopendeza, kwa kuwa wanaosifu baisikeli huwa hawalisemi. Gurudumu lile lile lililomkomboa mkulima ndilo lililoula msitu. Mkaa wa jikoni kwetu ulitoka kwanza katika misitu ya karibu, na mchukuzi wake alikuwa mpanda baisikeli: magunia mawili au matatu juu ya keria, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, naye akisukuma mlima na kuning'inia breki mteremkoni. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa za Pugu na Kazimzumbwi zilikatwa kwa namna hiyo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Dar es Salaam peke yake ilitumia kama nusu ya mkaa wote wa nchi. Miti ya karibu ilipokwisha, malori yalikwenda mbali zaidi. Vijia vilivyochongwa na wakata mkaa vilibaki, na vingine ndivyo leo vinavyosifiwa na wapanda baisikeli kwa kivuli na kona zake. Simlaumu mchukuzi, mkaa ulipikwa kwangu pia.

Upande wa Kinondoni mambo ni mepesi zaidi kuyaeleza. Barabara ya Bagamoyo yapita Tegeta, penye kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, kisha Bunju, mpaka mto Mpiji ulio mpaka wa mkoa. Kusini-magharibi ya hapo, kupitia Mabwepande, umo msitu wa Pande, kisiwa cha miti ambacho tangu mwaka 1990 ni pori la akiba. Mji umeuzunguka.

Hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta wakazi 5,383,728. Shamba likigeuka viwanja, mpima ardhi huja na ramani yenye barabara zilizonyooka, na kijia kilichokuwapo kabla ya babu zetu hakimo. Hakina hati, hakina mwenyewe, wala hakuna anayelipwa fidia kwa ajili yake. Mwenye kiwanja hujenga ukuta, naye hana kosa mbele ya sheria. Mchukuzi wa madafu husukumwa kwenda barabara kuu, katikati ya malori na mabasi. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza mwaka 2016, iliwekewa njia za baisikeli. Barabara nyingi nyingine hazina.

Nimeona mahali pamoja karibu na Msongola ukuta wa matofali umekata njia katikati. Upande wa kushoto, baina ya ukuta na mikorosho, nyasi zimekwisha kulala, na mchangani zimo alama za magurudumu: mbili nyembamba za mipira ya kawaida, zilizodidimia kwa uzito wa mzigo, na moja pana ya baisikeli ya mchezo ikipita juu yake.