Dhuluma, Punjo na Kangomba

Mtu asiyetendewa haki ana maneno kadhaa ya kulalamikia katika Kiswahili, wala maneno hayo si sawa. Kudhulumu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kumnyima mtu haki yake au kumnyang'anya mali yake. Kuonea, kutoka kitenzi cha Kibantu ona, ni tendo la mwenye nguvu kumlemea mnyonge. Kupunja ni kumpa mtu pungufu ya stahili yake. Hapa pana kipimo, na mlalamikaji aweza kudai kipimo kirudiwe.

Huko Nambambo, na kwingineko Nachingwea na Ruangwa ambako korosho ni zao la biashara, pana neno jingine: kangomba. Neno hili hutumiwa kwa ununuzi wa korosho nje ya chama cha ushirika, mara nyingi kwa chombo badala ya mizani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na utaratibu wake ukaanza kutumika katika korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, kisha hungoja mnada. Lakini njaa haingoji mnada. Ndipo mwenye shida huuza kangomba kwa bei ndogo.

Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa kusini walikataa bei za mnadani. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba, ili mnunuzi wa kangomba asilipwe kama mkulima.

Hapa sarufi yapasa kuangaliwa. Dhulumu, onea na punja zote zina kauli ya kutendwa: mtu hudhulumiwa, huonewa, hupunjwa. Kangomba ni nomino tu. Hufanywa, huuzwa, hata mnunuzi mwenyewe huitwa kangomba. Lakini hapana umbo la kumtaja aliyetendewa. Kwa hiyo, neno hilo likisemwa peke yake, muuzaji huonekana mshirika wa kosa, na upungufu aliopewa hausikiki. Mwenye kutaka kumtendea haki mkulima huyo hana budi kurudi kwenye neno la zamani, aseme wazi kwamba amepunjwa.