Kasha, Kioo na Kina

Maji usiyoyafika, husema wahenga, hujui wingi wake. Methali hii niliikumbuka nikiwa mbali na bahari, katika kata ya Baray wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Ziwa lile ni la magadi na kina chake ni kifupi. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma yakaacha uwanja mweupe. Nilikuwa nimebeba kamera ya video ndani ya kasha lake la kuzamia, kwa ujinga wa mtu wa kisiwani adhaniaye kwamba kila maji yana chini yake ya kutazamwa. Kijana mmoja, mkulima wa vitunguu, aliniamkia, akaligeuzageuza kasha mikononi, kisha akauliza: "Mzee, chombo hiki kitaona nini ndani ya maji yasiyoonyesha?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nimeliona katika historia ya wale waliotangulia kuteremsha kioo majini.

Mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer, Mfaransa Louis Boutan aliifungia kamera ndani ya kasha lisilopitisha maji, akapiga picha chini ya bahari. Tangu hapo vyombo vimebadilika sana, lakini sheria za maji hazikubadilika. Kila mita 10 unazoteremka, maji hukuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Nuru nayo huchujwa: rangi nyekundu hupotea mwanzo, na samaki mwekundu akawa wa kijivu kama jivu la kuni. Kioo bapa hukuza vitu kwa kadiri ya theluthi moja na kuvisogeza karibu na jicho. Ndiyo sababu wengi hupenda kioo cha mviringo mfano wa kuba. Kwa hiyo mwenye kuchagua chombo huulizwa na maji maswali matatu: utakwenda kina gani, kuna nuru kiasi gani, na unachokitafuta kitakuwa umbali gani nawe? Jina la kamera ni swali la nne.

Mwaka 1956 dunia iliiona filamu ya *Le Monde du silence* ya Jacques Cousteau na Louis Malle, iliyotunukiwa tuzo kuu ya Cannes. Sehemu yake ilipigwa katika bahari yetu hii ya Hindi, kwenye kisiwa cha Assumption huko Ushelisheli. Ni filamu ya kupendeza macho. Lakini ndani yake mna pia mahali ambapo wapiga filamu wanalipua baruti kwenye mwamba wa matumbawe ili wawahesabu samaki waliokufa. Sisi tulioona baruti za wavuvi haramu zikivunja miamba ya Tanzania hatuwezi kuitazama sehemu hiyo bila kusononeka. Kamera ilikuwa bora, kasha lilikuwa imara. Kilichopungua ni adabu mbele ya kinachotazamwa.

Mfano wa pili uko bara, Kenya. Chemchemi ya Mzima, huko Tsavo, ndiyo inayoinywesha Mombasa kwa bomba refu. Maji yake ni maangavu, na humo Alan na Joan Root waliwapiga filamu viboko wakitembea chini ya maji kwa madaha, samaki wakiwasafisha ngozi. Hapo kina si tatizo wala nuru si tatizo. Tatizo ni umbali, kwa kuwa kiboko hatazamwi kwa karibu bila gharama. Katika miaka ya 1970, wakiwa kazini humo, kiboko aliwavamia. Barakoa ya Joan ilivunjwa usoni, na Alan akang'atwa mguu vibaya. Hakuna kasha la kumfunika mpiga picha mwenyewe.

La tatu ndilo linigusalo zaidi. Wavuvi wa Komoro walimjua gombessa kabla ya wataalamu kumjua. Hao wataalamu walidhani ukoo wake ulitoweka zama za madubwana ya kale, hata mwaka 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, na mwaka 1952 mwingine akapatikana Nzwani. Hata hivyo, kwa muda mrefu alijulikana kama maiti tu. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliteremka kando ya Ngazidja ndani ya nyambizi ndogo iitwayo Geo, wakampiga filamu akiwa hai, kwenye kina cha kati ya mita 117 na 198. Alielea polepole, mapezi yake yakipishana kama miguu ya mnyama atembeaye, na mara nyingine akasimama kichwa chini. Hapo kasha lilimmeza mpiga picha pamoja na kamera yake, kwa kuwa kina ndicho kilichochagua.

Miaka ya 2000 gombessa akaanza kunaswa Tanzania, hasa Tanga, katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikatangazwa huko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mvuvi aliyemtambua samaki huyu kwa mikono na kwa jina hakupata fursa ya kumwona akiogelea, mpaka mgeni alipokuja na kioo.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Wazee hutueleza jinsi miamba ilivyokuwa kabla ya hapo. Tunawasadiki, lakini picha za kuwaonyesha wajukuu ni chache mno. Tuna tungo nyingi za juu ya mawimbi, na chache za chini yake.

Siku hizi kamera ndogo hutosha mfukoni, na vijana wetu wanaweza kuanza. Nawausia haya: chagueni kasha kwa kina mtakachofika, litumbukizeni tupu kwanza, bila kamera, safisheni ringi ya mpira kabla ya kila mzamo, likitoka baharini lisuuzeni kwa maji baridi. Unywele mmoja tu ulionasa kwenye ringi uliwahi kuniulia kamera na kazi ya wiki nzima, na kosa lilikuwa langu.

Nikirudi Baray nitamwambia yule kijana kwamba swali lake ndilo mwanzo wa elimu hii. Chombo huchaguliwa na maji. Pale Eyasi, maji yalikuwa yamekwisha kuniambia nilifunge kasha, niketi, nimsikilize yeye.